Na Ndani ya Kikombe Je?

Katika kazi zote za nyumbani sijui kama iko iliyokosa sifa kuliko kuosha vyombo. Mpishi husifiwa. Mshonaji husifiwa. Hata mpasua kuni huambiwa ahsante, maana moto unawaka na kila mtu anauona. Lakini mwosha vyombo husifiwa na nani? Sahani ikiwa safi, hakuna asemaye neno. Ikiwa na ukoko wa jana, nyumba nzima husema. Na kazi yenyewe haina mwisho. Leo umeosha, kesho vyombo vile vile vinakungoja.

Nimefundisha wasichana sayansi kimu kwa miaka zaidi ya ishirini, na katika miaka hiyo nimependa sana kusoma habari za mashine za kuosha vyombo, hasa zile za zamani zenye maumbo ya ajabu. Si kwa sababu ninayo moja nyumbani, sinayo. Nimezipenda kwa kuwa kila moja inafunua jinsi yule aliyeitengeneza alivyoifahamu kazi hii, au alivyokuwa haifahamu kabisa. Kipimo changu ni kimoja, nacho nimekipata katika Injili. Bwana wetu aliwakemea Mafarisayo kwamba wanasafisha nje ya kikombe na kuacha ndani. Alikuwa akisema habari za mioyo, najua. Lakini mfano kama huo hutolewa na mtu aliyepata kutazama vyombo vikioshwa. Basi nisomapo habari za mashine yoyote, huuliza: na ndani ya kikombe je?

Sanduku la mbao

Mashine ya kwanza inayotajwa katika habari hizi ilipewa hataza, yaani hati ya serikali ya kumlinda mvumbuzi, huko Marekani mwaka 1850. Mwenyewe aliitwa Joel Houghton. Ilikuwa ya mbao, nayo ilikuwa na gurudumu la kuzungushwa kwa mkono. Ukizungusha, maji yanarushwa juu ya vyombo. Hayo tu. Fikirini sahani iliyoliwa mchuzi wa nyama adhuhuri, mafuta yakaganda mpaka jioni, halafu ikarushiwa maji kwa gurudumu. Italowa, lakini haitatakata. Mashine ile haikusafisha vizuri, wala haikuenea.

Katika miaka ya 1860 mtu mwingine wa huko, L. A. Alexander, aliligeuza wazo hilo. Badala ya kurusha maji, alivizungusha vyombo vyenyewe: vilipangwa katika kichanja ndani ya chombo cha maji, na mkono ukizungushwa, kichanja chote kikazunguka majini. Hapo kidogo pana akili zaidi, maana maji yaligusa pande zote. Lakini kila mama anamjua mtoto anayetumwa kuosha kikombe, naye akakichovya ndooni, akakizungusha mara mbili, akakirudisha mezani. Mashine ile ilifanya kazi ya mtoto huyo.

Wazee wamesema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Naona wavumbuzi hawa walikuwa na maarifa ya magurudumu kuliko maarifa ya sahani.

Bibi aliyepima sahani

Aliyefungua njia ni mwanamke, Josephine Cochrane, wa mji mdogo wa Shelbyville katika jimbo la Illinois. Yafaa niseme kweli yote juu yake, maana watu hupenda kumfanya mtakatifu wa jikoni. Bibi huyu alikuwa tajiri mwenye watumishi, na alianza kufikiria mashine kwa sababu watumishi walimegua kingo za sahani zake za kauri za thamani. Hakuwahurumia watumishi, alizihurumia sahani. Lakini mwaka 1883 mume wake alifariki akamwachia madeni, na lile lililokuwa wazo la mama mwenye nafasi likawa ndilo tumaini lake la kupata riziki. Mungu ana njia zake za kutufundisha uzito wa kazi.

Sasa angalieni alivyoanza. Hakuanza na gurudumu. Alianza kwa kupima vyombo: sahani, vikombe na visosi, kila kimoja kwa kipimo chake. Akatengeneza vyumba vidogo vya waya vya kukikalisha kila chombo mahali pake, kisitikisike wala kisigongane na mwenzake. Vyumba hivyo akavipanga juu ya gurudumu lililolazwa ndani ya pipa la shaba. Gurudumu likizunguka, maji ya moto yenye sabuni yalirushwa kwa nguvu kutoka chini. Fundi makanika aitwaye George Butters alimsaidia kuiunda, na tarehe 28 Desemba 1886 akapata hataza yake.

Tofauti ni ipi? Kwa wale wa kwanza maji yalimwagika au vyombo vilichovywa. Kwake maji yalipiga. Tena yalipiga mahali palipokusudiwa, kwa kuwa kila kikombe kilikuwa kimeinamishwa na kushikwa pale pale maji yapitapo. Kwa mara ya kwanza ndani ya kikombe palifikiwa.

Hoteli kubwa za Chicago zilinunua, Palmer House ikiwa miongoni mwa za kwanza. Mwaka 1893, katika Maonyesho Makuu ya Ulimwengu yaliyofanyika Chicago, mashine zake zilifanya kazi mbele ya watu na zikapata tuzo kwa uimara na ubora wa ufundi. Alifariki mwaka 1913. Mwaka 1926 kampuni yake ilinunuliwa na kampuni ya Hobart, na kutoka ukoo huo zikaja mashine za jina la KitchenAid ambazo zilianza kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1949.

Kwa nini haikuingia nyumbani?

Mtauliza: ikiwa mashine hiyo ilikuwa nzuri hivyo, mbona iliishia hotelini kwa muda mrefu? Ziko sababu tatu, nazo nazitaja kwa kuwa zinatuhusu hata sisi.

Ya kwanza ni maji ya moto. Hoteli ilikuwa na mtambo mkubwa wa kuchemshia maji. Nyumba ya kawaida ilikuwa na birika na tangi dogo. Mashine iliyokosa maji ya moto ya kutosha hufanana na dobi asiye na sabuni.

Ya pili ni maji magumu, yaani maji yenye chokaa nyingi, ambayo sabuni haitoi povu ndani yake bali hugeuka utando mweupe. Akina mama wa Dodoma na wa pwani wanaochota visima vya chumvi hawahitaji kuelezwa zaidi.

Ya tatu alieleza Bibi Cochrane mwenyewe alipokuwa mzee. Alisema kwamba mwanamke akitajiwa bei ya mashine, mara moja huhesabu vitu vingine ambavyo fedha ile ingefanya. Huchukia kuosha vyombo, lakini hajajifunza kuuona muda wake na raha yake kuwa ni kitu chenye thamani ya fedha. Tena akaongeza kwamba si mwanamke aliyekuwa na neno la mwisho juu ya fedha nyingi za nyumba. Maneno hayo yana zaidi ya miaka mia moja. Akina baba msomao gazeti hili, naomba myasome mara mbili.

Mtu wa silaha, na pangaboi la maji

Mwaka 1924 huko Uingereza alitokea mvumbuzi ambaye hukumtazamia: William Howard Livens, mwanajeshi na mhandisi. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa ameunda bomba la kurushia mapipa ya gesi ya sumu kwa adui, na silaha hiyo ilibeba jina lake. Mtu huyo huyo akatengeneza mashine ndogo ya nyumbani yenye mlango mbele, kichanja cha waya ndani, na kirusha maji kinachozunguka. Ukiutazama mchoro wake utadhani umetengenezwa juzi, maana mashine za leo zina umbo hilo hilo. Mimi hufurahi kila nikifikiri kwamba akili iliyotumika kurusha mauti iliweza pia kurusha maji ya sabuni kwenye sahani za watoto.

Lakini watengenezaji wengi hawakumfuata. Mwaka 1929 kampuni ya Miele ya Ujerumani ilitoa mashine ya umeme iliyofunguliwa juu kama pipa. Na huko Marekani, kwa miaka mingi, hata baada ya Vita Kuu ya Pili, mashine nyingi za nyumbani zilitumia pangaboi dogo lililowekwa chini kabisa. Maji yakiingia, pangaboi linazunguka kwa kasi na kuyatapanya juu na pembeni.

Je, zilisafisha? Kwa sehemu. Sahani za chini zilizolielekea pangaboi zilitoka zikimeta. Lakini maji yaliyotapanywa hivyo huenda kwa mstari. Yakikuta sufuria mbele, yanaishia hapo, na kila kilicho nyuma yake kinabaki kivulini. Kikombe kilichokaa juu pembeni kilipata mvuke na matone. Ndiyo maana wenye mashine hizo walifundishwa kukwangua na kusuuza vyombo kwanza, kisha wavipange vyote vikielekea katikati kama watu waliouzunguka moto. Mama alikuwa ameosha mara moja kabla mashine haijaanza. Nadiriki kuziita mashine za Mafarisayo: nje kunang'aa, ndani bado. Tatizo hilo lilipungua pale mikono inayozunguka, yenye matundu ya kurushia maji, iliposhika mahali pa pangaboi, kisha mkono wa pili ukawekwa kwa ajili ya vyombo vya juu.

Vituko vitatu

Niruhusuni nitaje mashine tatu za ajabu, kwa kuwa kila moja ina fundisho lake.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 iliuzwa Marekani mashine iitwayo Thor Automagic. Ilifua nguo na kuosha vyombo, zote mbili! Ulikuwa ukitoa pipa la nguo na kuweka pipa la vyombo. Kwa hesabu ya fundi, jambo hilo ni jema: mota moja, kazi mbili, nafasi moja. Lakini mwulize mama yeyote mwenye mtoto mchanga kama yu tayari kulia chakula sahani zilizotoka katika mashine iliyofua nepi asubuhi. Hata pipa likiwa jingine, moyo unakataa. Usafi si wa macho tu. Mtu lazima auamini.

Miaka hiyo hiyo Henry Kaiser, yule ambaye viwanda vyake viliunda meli nyingi za mizigo wakati wa vita, alitoa mashine isiyo na mota, iliyoendeshwa na nguvu ya maji ya bomba peke yake. Wazo hili nalipenda sana, maana halikutaka umeme. Lakini chombo kinachoegemea nguvu ya bomba kinataka bomba lenye nguvu. Maji yakija kwa unyonge, usafi nao ni mnyonge.

Ya tatu ni ya mwanamke aitwaye Frances Gabe, wa Newberg katika jimbo la Oregon. Yeye alichoka na usafi wote kwa jumla, akajenga nyumba inayojiosha yenyewe: virusha maji darini, sakafu zenye mwinamo ili maji yatiririke nje, na upepo wa kukausha. Alipewa hataza mwaka 1984, na alifariki mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 101. Watu walimcheka. Lakini hebu tazameni kabati lake la vyombo: sahani zilioshwa na kukaushwa mle mle zinamokaa. Hakuna kuzitoa, hakuna kuzipanga. Nyumba ile haikupata wafuasi wengi, ila swali lake lilikuwa la haki: kwa nini sahani moja ishikwe mara nne kila siku?

Mambo manne

Mwaka 1959 mkemia Mjerumani, Herbert Sinner, aliyekuwa katika kampuni ya Henkel, alilieleza jambo hili kwa ufupi unaomfaa kila mwalimu. Alisema usafi wowote hutokana na mambo manne: dawa ya kusafishia, nguvu ya kusugua au kupiga, joto, na muda. Ukipunguza moja, huna budi kuongeza jingine. Pimeni sasa mashine zote nilizozitaja. Houghton alikosa nguvu. Alexander vivyo hivyo. Bibi Cochrane alikuwa na yote manne hotelini, lakini nyumbani joto likapungua. Pangaboi lilikuwa na nguvu, ila lilizigawa kwa upendeleo.

Nilipoyafundisha haya darasani, wasichana walifikiri ni mambo ya Ulaya. Nikawauliza: bibi zenu waliosha sufuria kwa nini? Wakajibu, majivu. Naam. Majivu ya kuni yana magadi ndani yake, na magadi yakikutana na mafuta huanza kuyageuza kuwa sabuni. Unga wa mashine za kuosha vyombo nao tangu zamani umetengenezwa kwa magadi, ndugu wa yale yachimbwayo Ziwa Magadi nchini Kenya. Dodoki au kumbi la nazi ndilo nguvu. Maji ya moto ni joto. Kuloweka sufuria ya ugali ni muda. Bibi hakumjua Sinner, lakini alikuwa na mambo yake yote manne kando ya jiko la mafiga.

Kichanja cha Ufini

Kuna mwanamke mmoja ambaye namweka juu ya wavumbuzi wengi, ingawa kazi yake haina gurudumu wala mota. Ni Maiju Gebhard wa nchi ya Ufini. Alipiga hesabu kwamba mama wa nyumbani hutumia karibu saa 30,000 za maisha yake kuosha na kufuta vyombo. Hizo ni zaidi ya miaka 3, usiku na mchana bila kulala! Basi katika miaka ya 1944 na 1945 alitengeneza kabati la kuwekwa juu ya sinki, ambalo sakafu yake si ubao mzima bali ni vijiti vyenye nafasi. Unaosha, unaweka sahani ndani, maji yanachuruzika yenyewe sinkini, unafunga mlango. Kufuta kumekwisha. Kabati hilo limeenea katika nyumba za Ufini mpaka leo.

Mwatambua ni kitu gani hicho? Ni kichanja! Ni kile kile cha miti au fito kilichosimama nyuma ya nyumba zetu, na mabwana afya wamekihimiza tangu zamani. Cha kwetu kina jambo moja zaidi, nalo ni jua. Sahani iliyokauka kwa hewa na jua ni salama kuliko ile iliyofutwa kwa kitambaa kibichi kilichofuta meza, mikono na mdomo wa mtoto.

Nilipata kuona katika shule moja ya bweni mashine kubwa ya kuosha vyombo, zawadi kutoka Ulaya, nzuri ajabu. Maji ya bomba yalikuja siku mbili kwa juma. Masista walikuwa wameifanya kabati: vyombo vilioshwa kwa mkono nje, kisha vikapangwa ndani ya vichanja vyake vya waya vikauke, mlango ukafungwa nzi wasiingie. Mgeni mmoja alicheka. Mimi sikucheka. Masista walikuwa wamechukua kilichofaa na kuacha kisichofaa.

Mwosha vyombo wetu

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn waliwatazama watu wa nchi mbalimbali za Ulaya wakiosha kwa mkono vyombo vya watu 12, wakaona kwamba kwa wastani walitumia maji zaidi ya lita 100. Kwetu, lita 100 ni ndoo tano za kichwani. Hakuna anayezitumia. Kwa hiyo sisi tuna kosa la upande wa pili. Tazameni msibani au harusini: beseni moja la sabuni, beseni moja la kusuuzia, na sahani mia mbili. Baada ya sahani ya arobaini maji yamekuwa mchuzi, na mwosha bado anaosha. Sahani hizo zinaonekana safi kwa kuwa zimelowa. Kisha wiki moja baadaye watoto wanahara, na tunasema ni hali ya hewa.

Je, ni kosa la yule msichana aliyeinama kwenye beseni? La hasha. Aliyepanga shughuli alihesabu mchele, nyama na soda. Maji ya kuoshea hakuyahesabu. Na nyumbani ni hivyo hivyo. Kiti cha sebuleni kinanunuliwa, redio inanunuliwa, lakini msichana wa kazi anaoshea chini, mgongo umepinda, kwa maji ya baridi na kipande cha sabuni kilichobaki kufulia. Halafu akivunja kikombe, anakatwa mshahara. Bibi Cochrane naye alianza kwa kuzililia sahani.

Mimi sisemi kila nyumba inunue mashine. Mwenye umeme, maji na fedha, na anunue. Mashine za siku hizi hutumia maji machache kuliko mkono na moto mkali kuliko mkono uwezavyo kuvumilia. Wengine tufanye yaliyo katika uwezo wetu. Jenga kichanja wiki hii. Ni kazi ya saa chache kwa baba mwenye panga na misumari. Inua beseni liwe juu ya meza, ili anayeosha asimame wima. Chemsha sufuria moja ya maji kwa ajili ya vyombo kama unavyochemsha ya chai. Badili maji ya kusuuzia kabla hayajawa na rangi. Katika kamati ya harusi au ya mazishi, mtaje kwa jina mtu wa kuleta maji ya kuoshea, kama mnavyomtaja wa kuleta nyama.

Na watoto wa kiume nao waoshe. Nimewasikia akina mama wakisema mvulana hataki. Mvulana anayekula na aoshe. Akifanya hivyo tangu utoto, akiwa fundi au mhandisi hatatengeneza sanduku la kurusha maji. Jioni hii, baada ya chakula, baba akipeleka sahani yake mwenyewe kwenye beseni na kumwambia anayeosha ahsante, nyumba yake haitaanguka. Watoto wataona, nao watafanya vivyo hivyo.